Kadi moja ya grafiki yenye nguvu, au mbili za bei nafuu? Ushauri kwa wanaorenda picha za majengo

Mwanzisha uzi, Kisumu

Wenzangu, salamu kutoka Kisumu. Naomba mnisaidie kufikiri kabla sijatoa fedha ambazo nimezikusanya kwa mwaka mzima. Kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mkandarasi au mwenye nyumba huniletea ramani, nami huijenga nyumba hiyo ndani ya Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, nikaipaka rangi, nikapanda miti na nyasi, kisha nikairenda, yaani nikaiachia kompyuta ipige hesabu za mwanga na kutoa picha ambazo mteja anaweza kuziangalia akajua pesa zake zinakwenda wapi. Wateja wangu wengi wanaishi mbali na nyumbani, wanajenga Siaya, Vihiga na Homa Bay, na karibu kila mmoja hutaka boma lake lionekane kama lilivyo, na mwembe wa babu ukiwa pale pale ulipo.

Kadi niliyo nayo sasa ni GTX 1660 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6, nayo imenichosha. Nina shilingi 120,000. Muuzaji mmoja wa hapa mjini ananipa RTX 3060 mpya za gigabaiti 12 kwa shilingi 46,000 kila moja, kwa hivyo mbili ni 92,000 na nitabaki na 28,000 za kununulia pawa saplai kubwa zaidi. Mwingine ana RTX 3090 moja ya gigabaiti 24 iliyokwisha kutumika, anataka 105,000, na haina dhamana yoyote.

Hesabu yangu inaniambia ninunue mbili. Kumbukumbu ni ile ile, kwa maana 12 na 12 ni 24. Kila kadi ni mpya na ina dhamana. Na moja ikiharibika, nyingine itaendelea na kazi. Je, kuna jambo ambalo silioni?

Mchangiaji, Nakuru

Dada, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Jambo usiloliona lipo, na limo ndani ya hesabu yenyewe: katika kazi unayoifanya, 12 na 12 haziwi 24.

Cycles, ile injini ya Blender inayorenda, inapotoa picha moja kwa kadi mbili, kazi ya kupiga miale ya mwanga hugawanywa, lakini mandhari yenyewe haigawanywi. Kila kadi hupakiwa nakala yake kamili ya kuta, paa, nyasi, majani na picha zote zinazovikwa juu ya vitu hivyo. Chukua mfano wa mafundi wawili wanaojenga ukuta mmoja kutoka ncha mbili: kazi yao itakwisha upesi, lakini kila mmoja lazima awe na ramani nzima mkononi, na ramani hiyo haipungui ukubwa kwa sababu wako wawili. Mandhari yako ikihitaji gigabaiti 15, kadi ya kwanza ya gigabaiti 12 haitoshi, na ya pili haitoshi vile vile.

Nayasema haya kwa sababu nilikwisha kuyalipia. Nilinunua 3060 mbili nikiwa na hesabu kama yako, na kwa miezi kadhaa nilifurahi sana, kwa kuwa picha za vyumba vya ndani zilikuwa zikikamilika kwa karibu nusu ya muda niliouzoea. Kisha nikapata kazi ya nyumba ya ghorofa moja huko Njoro. Mteja alitaka ua wa kayaba kuzunguka kiwanja chote, ukiwa na majani halisi na miiba, kwa sababu kamera ilikuwa ianzie langoni, karibu kabisa na ua. Nilipobonyeza kitufe cha kurenda niliitazama ile nambari ya kumbukumbu iliyo juu ya dirisha la Blender ikipanda: 9, 10, 11, kisha 11 na nusu. Ikasimama hapo. Feni za kadi zote mbili, ambazo zilikuwa zimeanza kuvuma, zikatulia kwa pamoja, na chini ya dirisha ukatokea mstari mwekundu wa kusema kwamba kumbukumbu imekwisha. Kadi zote mbili zilikuwa nzima, zenye nguvu, na hazikuwa na la kufanya. Kazi ile niliirenda kwa prosesa usiku kucha, picha moja baada ya nyingine, na mteja akazipata siku mbili baada ya siku niliyomwahidi.

Mtu anaweza kukuambia kwamba siku hizi Cycles hukopa nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta pale ya kadi inapojaa. Ni kweli, hukopa, na mara nyingine hufaulu. Lakini tazama njia inayopitiwa. Chipu ya 3060 huisoma kumbukumbu yake kwa gigabaiti 360 kwa sekunde, ilhali njia ya kutoka kwenye kadi hadi kumbukumbu ya kompyuta, kwa PCIe (njia ya sloti ambamo kadi huchomekwa) ya kizazi cha 4 yenye mikondo 16, haizidi takriban gigabaiti 32 kwa sekunde. Zaidi ya hayo, ubao mama mwingi wa bei ya kawaida huipa sloti ya pili mikondo 4 tu, hata kama tundu lenyewe lina urefu sawa na la kwanza. Kwa hivyo kadi yako ya pili ndiyo itakayoteseka zaidi siku utakapohitaji kukopa.

Sasa ziweke kadi ulizotaja pamoja. 3060 mbili zina viini vya hesabu 7,168 kwa jumla na hula wati 340, yaani 170 kwa kila moja. 3090 ina viini 10,496, hula wati 350, na huisoma kumbukumbu yake kwa gigabaiti 936 kwa sekunde. Katika Cycles, 3090 huishinda 3060 kwa zaidi ya mara mbili. Maana yake ni kwamba kwa umeme ule ule unapata kasi isiyo ndogo kuliko ya zile mbili, na gigabaiti 24 ambazo ni 24 kweli.

Lakini usikimbilie dukani kwa sababu ya maneno yangu. Fungua kazi zako kubwa za mwaka huu, uzirende kwa prosesa kwa ubora wa chini, na uandike kilele cha kumbukumbu cha kila moja. Nambari hizo ndizo zitakazokupa jibu. Tena chunguza kama unapoteza nafasi bure. Picha moja ya kuvika ukuta yenye upande wa pikseli 4,096 hula megabaiti 64 ndani ya kadi, hata kama faili yake kwenye diski ni ndogo. Ile ya pikseli 8,192 hula 256. Ukiwa na 20 za aina hiyo ya pili, umekwisha kutumia gigabaiti 5 kabla hujapanda mti hata mmoja. Na miti yenyewe, hakikisha kila mwembe ni rejea ya mwembe mmoja wa asili, isiwe kila mmoja ni nakala inayojitegemea. Mimi niliokoa karibu gigabaiti 3 kwa marekebisho hayo mawili, ingawa kwa ua ule wa kayaba hata hayo hayangetosha.

Mchangiaji, Kondele, Kisumu

Ninakubali kwamba kumbukumbu haijumlishwi, lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba kadi mbili ni ujinga. Mimi nina 3060 mbili na sijutii. Kazi yangu ni vipande vifupi vya matangazo: nembo inayozunguka, chupa ya maji ya kunywa inayojimimina, simu inayoelea hewani. Mandhari zangu hazijawahi kuzidi gigabaiti 7. Tangazo la sekunde 20 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 480, na kila fremu inajitegemea, haiisubiri nyingine. Fremu ikichukua dakika 1 kwa kadi moja, hizo ni saa 8. Kwa kadi mbili ni saa 4, na zamani hizo saa 4 ndizo zilizokuwa tofauti ya kupeleka kazi leo au kesho.

Namna ninavyofanya ni hii, kwa faida ya atakayekuja kusoma. Nafungua Blender mara mbili, ya kwanza naiachia kadi ya kwanza, ya pili naiachia kadi ya pili. Zote mbili zinaandika katika folda moja. Katika mipangilio ya kutoa picha nazima chaguo la kuandika juu ya faili zilizopo, kisha nawasha lile la kuweka faili tupu ya kushika nafasi. Kila Blender ikianza fremu huacha faili tupu yenye nambari hiyo, na mwenzake akiikuta huruka kwenda kwenye fremu inayofuata. Hazigongani, na hakuna haja ya kugawanya fremu kwa mkono.

Jambo la pili ni hilo ambalo dada amelitaja mwishoni, nami naona limepuuzwa. Mwaka uliopita feni ya kadi yangu moja ilikwama. Niliichomoa, nikaipeleka kwa fundi, na kwa siku 9 niliendelea kufanya kazi kwa ile iliyobaki, polepole, lakini hakuna mteja niliyempoteza. Mwenye kadi moja ya mtumba isiyo na dhamana, ikizima asubuhi moja, anafanya nini?

Mchangiaji, Nakuru

Ndugu wa Kondele amesema kweli, na swali lake la mwisho ni zito. Kwa kazi yenye vipande vingi vidogo vinavyojitegemea, kadi mbili ni chaguo zuri, pengine bora. Ninaongeza mambo mawili tu kwenye njia yake.

La kwanza ni kwamba kufungua Blender mara mbili kunahitaji kumbukumbu ya kompyuta maradufu, kwa sababu kila moja huibeba mandhari yote. Mwenye gigabaiti 16 atakwama. 32 ndizo za kuanzia.

La pili linahusu wale wanaoweka kadi zote mbili kwenye fremu moja, kama dada atakavyofanya kwa picha zisizo za video. Kabla ya kurenda, Blender huiandaa mandhari, na maandalizi hayo kwa kiasi kikubwa ni kazi ya prosesa. Tuseme maandalizi ni sekunde 40 na kurenda ni sekunde 60. Ukiongeza kadi ya pili, sekunde 60 zinakuwa 30, lakini zile 40 zinabaki pale pale. Ulikuwa na 100, sasa una 70, ilhali mfukoni ulitoa pesa za kushuka hadi 50. Njia ya Blender mbili huliponya hilo, kwa kuwa mmoja huandaa wakati mwenzake anarenda.

Kuna na joto. 3060 nyingi huchukua nafasi ya sloti mbili kwa unene, na katika ubao wa kawaida zikikaa pamoja huachiana upenyo mdogo sana, hivi kwamba kadi ya juu hunywa hewa ambayo ya chini imekwisha kuipasha moto. Huku Nakuru usiku ni baridi na hilo huvumilika, ingawa vumbi letu ni adhabu nyingine. Kwa Kisumu, katika chumba kilichofungwa mwezi wa Februari, nisingeweka kadi mbili kabla ya kupima upenyo huo kwa rula.

Kuhusu kadi kuzima asubuhi moja: sina jibu la kumfariji mtu, ila kwamba ni hatari ya kweli na ihesabiwe kama sehemu ya bei. Kadi isiyo na dhamana inayouzwa 105,000 haijagharimu 105,000.

Mwanzisha uzi, Kisumu

Asanteni sana. Nina swali dogo kabla sijaenda kupima. Mdogo wangu anatumia kompyuta hii kwa michezo mwishoni mwa wiki, na anasema kadi mbili zikiunganishwa kwa daraja michezo hukimbia mara mbili. Je, ni kweli?

Mchangiaji, Nakuru

Ilikuwa kweli kwa sehemu, na zamani. Kampuni ya 3dfx ilileta mpango huo, ulioitwa SLI, mwaka 1998 kwa kadi za Voodoo2, ambapo kadi moja ilichora mistari ya shufwa ya skrini na nyingine mistari ya witiri. NVIDIA, wenye chipu za hizi GTX na RTX, ilipokwisha kununua mali za 3dfx ikalirudisha jina la SLI mwaka 2004, na mwaka uliofuata mshindani wake ATI akaja na mpango kama huo, CrossFire. Katika miaka hiyo njia iliyotumika zaidi ilikuwa ya kupokezana fremu: kadi hii inachora fremu ya kwanza, ile inachora ya pili. Hesabu ya fremu kwa sekunde ilipanda, lakini fremu hazikufika kwa mwendo sawa. Mbili zilifuatana upesi, kisha pengo, kisha mbili tena, na jicho likaona mchezo unakwaruza ingawa nambari ilikuwa kubwa.

Kila mchezo pia ulihitaji kuandaliwa katika draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, na NVIDIA iliacha kuongeza maandalizi mapya kuanzia tarehe 1 Januari 2021. RTX 3060 haina hata mahali pa kuchomeka daraja. Katika kizazi chake, RTX 3090 na 3090 Ti ndizo kadi pekee za GeForce zilizobakiziwa kiunganishi cha daraja, kiitwacho NVLink, na 4090 ilipotoka mwaka 2022 kikaondolewa. Mwambie mdogo wako kwamba akiwa na 3060 mbili, mchezo wake utaitumia moja na nyingine itakaa ikimtazama.

Mchangiaji, Maseno

Nachangia kidogo kutoka upande mwingine, kwa kuwa sisi wanafunzi wa kompyuta nasi tunauliza swali hili kila siku. Katika kuendesha modeli za lugha, yaani programu za akili bandia zinazoandika maneno, kumbukumbu za kadi mbili hujumlishwa kweli. Programu kama llama.cpp huzigawanya tabaka za modeli, nusu zikakaa katika kadi hii na nusu katika ile, na kinachosafiri kati yake ni kidogo, kwa hivyo hata sloti yenye mikondo 4 haileti shida kubwa. Modeli inayohitaji gigabaiti 20 haiingii katika 3060 moja, ila katika mbili inaingia.

Kinachojumlishwa ni nafasi, si kasi. Ili kutoa neno moja ni lazima modeli yote isomwe, na kadi ya pili haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kumaliza tabaka zake. Gigabaiti 20 zikisomwa kwa gigabaiti 360 kila sekunde, huwezi kuvuka vipande 18 vya maneno kwa sekunde, hata uwe na kadi mbili. Kwa 936 kila sekunde, ukomo unakuwa karibu 47.

Mchangiaji, Kakamega

Nimesoma yote, na naona stima haijazungumzwa vya kutosha, wakati kwetu huku ndiyo inayoua vifaa kuliko uchakavu.

Kwanza pawa saplai. Kwa 3090, NVIDIA inapendekeza isiyopungua wati 750, na si kwa ajili ya zile 350 tu. Kadi hiyo huruka ghafla kwa muda mfupi kabisa hadi juu mno ya wastani wake, na pawa saplai dhaifu ikikutana na mruko huo huizima kompyuta nzima katikati ya kazi. Dada, zile pawa saplai zinazokuja pamoja na kasha, zilizoandikwa wati 500 au 600 kwa herufi kubwa, zinyanyue kwa mkono mmoja. Ikiwa ni nyepesi kama kopo tupu, usiiamini nambari iliyoandikwa. Na kila tundu la pini 8 kwenye 3090 lipewe waya wake kutoka kwenye pawa saplai, kwa maana tundu moja limekusudiwa kubeba wati 150. Usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili kwa sababu tu umetosha kufika.

Pili, kadi inaweza kubanwa. Amri ya nvidia-smi ikifuatwa na -pl 280 huiwekea 3090 ukomo wa wati 280, na kasi inayopotea ni ndogo ukilinganisha na joto linalopungua. Kompyuta nzima ikila wati 430 kwa saa 8, hizo ni takriban uniti 3.4 za tokeni kila usiku wa kazi. Kwa shilingi 30 kila uniti, ni kama shilingi 103. Gharama hiyo ni ndogo kwa kazi inayolipwa, lakini iandike katika bei unayompa mteja.

Tatu ni kukatika kwa umeme. UPS (betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea) ndogo ya 650 VA, ile inayopatikana kila duka, hubeba takriban wati 360 tu, kwa hivyo haitaishika kompyuta hii hata dakika moja ikiwa katikati ya kurenda. Tafuta ya 1,500 VA. Na kwa kazi za video, usitoe faili moja ya video kutoka Blender. Toa kila fremu kama picha yake, ndipo uziunganishe. Stima ikipotea kwenye fremu ya 300, utapoteza hiyo moja na kuanzia hapo hapo.

Nne ni radi. Hapa Kakamega sihitaji kumweleza mtu, na ninyi wa Kisumu mnazijua dhoruba zinazotoka ziwani alasiri. Kifaa cha kuzuia umeme unaoruka ni kizuri, lakini ukisikia ngurumo imekaribia, chomoa waya wa stima ukutani pamoja na ule wa intaneti. Jirani yangu aliukumbuka wa stima, akausahau wa intaneti, na ubao mama ukaungulia upande huo.

Mwanzisha uzi, Kisumu

Nimerudi baada ya wiki tatu, na nimekuja na nambari kama nilivyoagizwa.

Nilizifungua kazi 11 nilizozifanya mwaka huu na kuzirenda kwa prosesa kwa ubora wa chini. Kazi 8 zilikuwa chini ya gigabaiti 9. Moja ilikuwa 11.2. Mbili zilivuka 12: boma la Siaya, gigabaiti 17.8, na hoteli ndogo ya kando ya ziwa huko Homa Bay, 16.1. Nilifuata ushauri wa kupunguza picha za pikseli 8,192 na kuifanya miembe kuwa rejea, na Siaya ikashuka hadi 15.2, Homa Bay hadi 13.4. Hazikushuka zaidi ya hapo bila kuharibu picha, na nilijaribu kwa siku mbili nzima. Kilichonifanya niamue ni daftari langu la malipo: kazi hizo mbili zililipa zaidi ya nyingine tano kwa pamoja, na wote wawili waliniletea wateja wengine wa aina hiyo hiyo.

Kwa hivyo nilikwenda kumwona mwenye 3090 ya 105,000. Nilimwomba niijaribu kwa saa moja kwa faili yangu, akakataa, akasema kadi ikiwaka ni nzima. Niliondoka. Ndugu wa Kondele, swali lako ndilo lililonisimamisha pale mlangoni. Nilimpata muuzaji mwingine kwa 112,000, naye akakubali niende na flashi yangu, nikae pale dukani niirende Siaya huku nikisoma joto. Nilisoma kwingine kwamba kadi hii ina chipu 12 za kumbukumbu upande wa nyuma, ambako hakuna feni, na kwamba kumbukumbu ya aina hiyo ikifika nyuzi 110 hujipunguza kasi yenyewe. Baada ya dakika 15 programu ya HWiNFO ilionyesha 108 kwenye kumbukumbu, ingawa chipu yenyewe ilikuwa 71. Fundi wake alikubali kuifungua mbele yangu. Vile vipande laini vya kupitisha joto vilikuwa vimekauka, vinapukutika kama ganda la chokaa, na juu ya mabapa kulikuwa na vumbi lililoshikana kwa mafuta. Alivibadilisha, tukairudisha, tukaibana kwa wati 280 kama ilivyoshauriwa, na kwa saa nzima kumbukumbu haikuvuka nyuzi 92. Aliniandikia risiti yenye nambari ya kadi na ahadi ya siku 30. Ni fupi, lakini ni maandishi.

GTX 1660 niliiuza kwa 11,000, na kwa kile nilichobakiwa nacho nikanunua pawa saplai ya wati 850, ambayo niliinyanyua kwa mikono miwili kama alivyosema ndugu wa Kakamega. UPS kubwa sijaipata bado. Kwa sasa narenda usiku, stima inapotulia.

Siaya ilikamilika kwa dakika 7 na sekunde 40, ikiwa na nyasi zote, ua wote, na kivuli cha mwembe kikiangukia baraza. Nilimtumia mteja wangu, ambaye yuko Uingereza. Aliikuza picha upande wa kushoto, akanirudishia kipande kile na maneno mafupi: tawi la chini la mwembe lilikatwa mwaka jana, naomba uliondoe.

Mchangiaji, Nakuru

Dada, nimefurahi sana, zaidi kwa sababu ulipima mwenyewe. Hizo nyuzi 92 zisome tena kila mwezi na uziandike mahali. Zikianza kupanda kuelekea 100 bila kazi kubadilika, vumbi limerudi au vile vipande vimeanza kukauka tena, na hapo usingoje ijizime.